Jinsi ya Kupima Kama Mshambuliaji wa Hoki ya Barafuni wa Enzi za Mwanzo Anastahili Jumba la Umaarufu

Msimu wa 1917-18 Joe Malone alifunga mabao 44 katika mechi 20. Miaka kumi na moja baadaye, katika ligi hiyohiyo ya NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, Ace Bailey alimaliza kinara wa ufungaji kwa mabao 22 katika mechi 44. Ukizisoma namba hizo juujuu utasema Bailey alikuwa mchezaji wa kawaida aliyebahatika. Sivyo, na ukishajua kwa nini sivyo, umeshapata nusu ya kazi inayoelezwa hapa.

Mwongozo huu unahusu washambuliaji wa kulipwa wa kati ya 1904, ilipoanza ligi ya kwanza iliyolipa wachezaji hadharani (IPHL, yenye timu za Michigan, Pittsburgh na Ontario), na 1926, ligi ya magharibi ilipokufa na Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote katika mchezo huu, likabaki mikononi mwa NHL peke yake. Njiani nitamtumia Bernie Morris wa Seattle kama mfano. Hayumo kwenye Jumba hadi leo, na kesi yake ina kila aina ya ugumu unaoweza kukutana nao.

Hatua ya 1: Jua wapiga kura wanaulizwa nini

Jumba la Umaarufu la Hoki, linaloenzi watu bora wa mchezo huu, lilianzishwa 1943 na kuwatangaza wa kwanza 1945. Siku hizi lipo Toronto, kwenye jengo la zamani la Bank of Montreal, kona ya mitaa ya Yonge na Front. Kamati ina watu 18, na anayependekezwa hapiti bila kura 14. Wachezaji wanaume hawazidi 4 kwa mwaka. Vigezo vilivyoandikwa ni uwezo wa mchezoni, uungwana, tabia, na mchango wa mtu kwa timu zake na kwa mchezo kwa jumla. Hakuna kiwango cha chini cha mabao. Wala hakuna sharti la kucheza NHL, jambo ambalo hata mashabiki wa siku nyingi hulisahau.

Zamani kulikuwa na kipengele maalumu cha wakongwe, kikaondolewa mwaka 2000. Maana yake, mtu aliyecheza 1917 anagombea nafasi zilezile 4 na waliostaafu juzi, ambao wajumbe wa kamati waliwaona kwa macho yao. Kwa hiyo hoja ya "alikuwa mzuri sana" haifiki popote. Ni lazima uonyeshe kwamba kwa misimu kadhaa alikuwa miongoni mwa wawili watatu bora wa nafasi yake popote hoki ilipochezwa.

Hatua ya 2: Chora ramani ya ligi zake, msimu kwa msimu

Usianze na mabao. Chukua karatasi uandike kila msimu: mwaka, timu, ligi, idadi ya mechi. Kipindi hiki wachezaji walihama kama vibarua wa msimu wa mavuno, wakifuata anayelipa zaidi. Cyclone Taylor alicheza Portage Lakes kule Michigan, akaenda Ottawa, akachukuliwa na Renfrew, mji mdogo wa Ontario uliomwaga fedha kutafuta Kombe, kisha akaishia Vancouver. Ukimtazama kwa kipande kimoja tu cha safari hiyo, utampunja.

Ligi za kukumbuka si nyingi. Mashariki kulikuwa na ECAHA, ambayo kuanzia msimu wa 1906-07 iliwachanganya wa kulipwa na wa ridhaa. Baadaye NHA kuanzia 1910, na NHL iliyozaliwa Montreal mnamo Novemba 1917. Magharibi kulikuwa na PCHA ya ndugu Lester na Frank Patrick, iliyoanza Januari 1912 ikiwa na viwanja vya barafu ya mashine huko Vancouver na Victoria, halafu WCHL ya nyanda za kati kuanzia 1921. Kwa miaka karibu kumi na tano vipaji viligawanyika pande mbili, na hapo ndipo penye ubishi mwingi.

Kwenye karatasi hiyo weka alama kwenye misimu yenye kasoro. Mwaka 1907 Ernie Russell wa Montreal Wanderers alifunga mabao 42 katika mechi 9. Takwimu ya kutisha, lakini Wanderers walishinda mechi zote 10 za ligi mwaka huo na baadhi ya wapinzani walikuwa dhaifu mno. Msimu wa 1916-17 NHA ilikuwa na timu ya jeshi, Batalioni ya 228, iliyojitoa katikati ya ligi ikielekea vitani, na ratiba ikavurugika. Hakuna anayesema misimu hii itupwe. Isomwe kwa tahadhari tu.

Hatua ya 3: Jua alicheza kwa kanuni zipi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana hoki wanayoiona kwenye televisheni leo ni mchezo mwingine kabisa.

Mwanzoni timu ilikuwa na watu saba. Wa saba aliitwa rova, mtu asiye na nafasi maalumu, aliyeshambulia na kurudi kukaba kadiri alivyoona inafaa. NHA ilimwondoa rova msimu wa 1911-12. PCHA ilimbakiza hadi 1922. Kwa hiyo mshambuliaji wa magharibi alipata nafasi zaidi ya kuokota kisahani (kile kidude bapa kinachochezwa badala ya mpira) kilichotemwa na kipa, lakini pia alikabwa na mtu mmoja zaidi. Ukisikia mtu anasema mabao ya PCHA yalikuwa rahisi kwa sababu ya rova, mwulize kama alimhesabu na rova wa upande wa pili.

Kubwa kuliko yote ni kuotea. Katika kanuni za mwanzo hukuruhusiwa kumpasia mwenzako aliye mbele yako. Ilikuwa lazima uubebe mchezo kwa miguu na gongo, ukipasia pembeni au nyuma. PCHA ilichora mistari ya bluu inayogawa uwanja maeneo matatu na kuruhusu pasi za mbele katika eneo la kati msimu wa 1913-14. NHL ikafuata 1918-19. Pasi za mbele katika maeneo yote matatu ya uwanja ziliruhusiwa NHL msimu wa 1929-30. Katika dunia ya namna hiyo, aliyejua kupenya peke yake alikuwa na thamani ambayo leo hatuna kipimo chake.

Kuna na kipa: katika NHL, hadi Januari 1918, alipaswa kudaka akiwa amesimama, na akianguka makusudi aliadhibiwa. Na kuna dakika. Nyota alicheza dakika 60 zote au karibu zote, kwani wa akiba walikuwa wachache na walikuwa wa dharura. Aliyewahi kuteleza walau dakika kumi mfululizo kwenye kile kiwanja kidogo cha Panari pale Nairobi anajua mapaja yanavyowaka moto. Sasa fikiria saa nzima, na mabeki wanaokuchapa magongo kwenye mikono.

Hatua ya 4: Mabao yahesabiwe dhidi ya msimu wake

Namba tupu haisemi kitu. Tumia vipimo vitatu, usivitenganishe.

Cha kwanza ni nafasi yake kwenye orodha ya wafungaji wa ligi, kila msimu. Aliyekuwa wa kwanza hadi wa tatu mara tano ana kesi. Aliyeongoza mara moja kisha akapotea hana. Skene Ronan aliongoza NHA kwa mabao 35 katika mechi 18 msimu wa 1911-12, msimu uleule rova alipoondolewa na uwanja ukafunguka. Hakurudia tena. Huyo ni msimu mmoja mzuri, basi.

Cha pili ni wastani wa mabao ya ligi nzima. Malone alifunga 44 katika ligi iliyotoa mabao kati ya 9 na 10 kwa mechi. Bailey alifunga 22 katika msimu ambao mechi haikufikisha wastani wa mabao 3, na ambao kipa George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 bila kufungwa. Bao moja la 1929 lilikuwa na uzito wa mabao matatu ya 1918.

Cha tatu ni sehemu ya mabao ya timu yake, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi kwa sababu hakihitaji mahesabu makubwa. Canadiens wa Montreal, timu ya Malone, walifunga 115 mwaka ule: 44 kwa 115 ni asilimia 38. Toronto walifunga 85 mwaka wa Bailey: 22 kwa 85 ni asilimia 26. Hapo Malone bado yuko juu, ila pengo si lile la 44 na 22 tena. Kumbuka pia kwamba wakati wa Bailey timu zilikuwa na wachezaji wengi zaidi wa kubadilishana, kwa hiyo mabao yaligawanyika.

Lakini kipimo hiki kina mtego. Msimu wa 1919-20 Malone alikuwa Quebec, timu iliyoshinda mechi 4 na kupoteza 20. Alifunga mabao 39 kati ya 91 ya timu, yaani asilimia 43, yakiwemo 7 katika mechi moja dhidi ya Toronto tarehe 31 Januari 1920, rekodi ambayo NHL haijaivunja hadi leo. Je, alikuwa bora kuliko 1918? Hapana. Timu ilikuwa mbovu na kila kisahani kilipelekwa kwake. Asilimia kubwa kwenye timu dhaifu ipunguze kidogo, na asilimia ya wastani kwenye timu iliyojaa nyota iongezee.

Sasa Morris. Msimu wa 1916-17 alikuwa kinara wa pointi (mabao ukijumlisha na pasi za mabao) wa PCHA: mabao 37 na pasi za mabao 17 katika mechi 24. Aliyemzidi kwa mabao matupu ni Gordon Roberts wa Vancouver, aliyefunga 43. Roberts, aliyekuwa pia daktari, yumo kwenye Jumba tangu 1971. Morris alikuwa na wenzake hodari Seattle, Frank Foyston na Jack Walker, wote wamo. Kuwa wa kwanza kwa pointi ukiwa kwenye safu hiyo, mabao yakigawanywa, ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Kuhusu pasi za mabao, neno moja. NHA haikuzihesabu rasmi, PCHA ilizihesabu. Usilinganishe pointi za mtu wa mashariki na za mtu wa magharibi kabla ya 1918, linganisha mabao kwa mabao. Na hata zilipohesabiwa, mwamuzi wa takwimu wa uwanja mmoja alikuwa mkarimu na wa uwanja mwingine bahili.

Hatua ya 5: Mechi za Kombe, na nani alikuwa upande wa pili

Frank McGee wa Ottawa alifunga mabao 14 katika mechi moja ya Kombe la Stanley, tarehe 16 Januari 1905. Kila mtu anaijua rekodi hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba wapinzani, Dawson City, walikuwa wamesafiri zaidi ya wiki tatu kutoka Yukon, kwa miguu, meli na treni, wakaingia uwanjani karibu moja kwa moja. Matokeo yalikuwa 23-2. Katika mechi ya kwanza McGee alifunga 1 tu. McGee alistahili kuingia, na aliingia katika kundi la kwanza la 1945, lakini kwa sababu ya mabao 71 katika mechi 23 za ligi. Mabao 14 ni pambo.

Hadi 1914 Kombe lilikuwa la changamoto: timu yoyote iliyokubaliwa na wadhamini wa Kombe iliweza kuja kujaribu bahati. Hata mabao 9 ya Malone dhidi ya Sydney (ile ya Nova Scotia, Kanada) mwaka 1913, mechi iliyoisha 14-3, yaangalie hivyo. Kuanzia 1914 mambo yalibadilika, bingwa wa mashariki akakutana na bingwa wa magharibi, na hizo ndizo mechi za kuzipa uzito.

Machi 1917 Canadiens walikuja Seattle na Newsy Lalonde, Didier Pitre na kipa Georges Vezina. Walishinda mechi ya kwanza 8-4. Seattle wakashinda tatu zilizofuata: 6-1, 4-1, 9-1, na kuwa timu ya kwanza ya Marekani kulibeba Kombe. Katika mabao 23 ya Seattle, Morris alifunga 14, sita kati ya hayo katika mechi ya mwisho. Kumi na manne kwa Vezina, si kwa vijana waliochoka na safari ya theluji. Mechi hizo zilipishana kanuni, moja ya magharibi na nyingine ya mashariki, hivyo hoja ya kwamba alibebwa na kanuni za kwao haina miguu.

Hatua ya 6: Tafuta waliovuka

Kulinganisha PCHA na ligi za mashariki hakuhitaji kubahatisha, kwa sababu kuna watu waliocheza kote kuwili. Lalonde alikwenda Vancouver msimu wa kwanza wa PCHA, akafunga 27 katika mechi 15 na kuongoza ligi, kisha akarudi Montreal akaendelea kufunga vilevile. Frank Nighbor alitoka Vancouver akaenda Ottawa, na msimu wa 1916-17 akafungana na Malone kileleni kwa mabao 41. Watu hawa hawakubadilika ghafla walipovuka milima ya Rocky. Mimi huchukulia ligi hizo mbili kuwa sawa kati ya 1913 na 1919 hivi. Baada ya hapo magharibi ilianza kuzeeka, wachezaji walewale wakiongezeka umri, na hilo unaliona kwenye orodha za wafungaji.

Hatua ya 7: Kazi isiyo na namba

Nighbor huyohuyo ndiye mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani zaidi NHL, 1924, na hakupewa kwa mabao. Alisifika kwa kuchokoa kisahani kwa ncha ya gongo kabla mshambulizi hajajipanga, na akatwaa tuzo ya uungwana ya Lady Byng 1925 na 1926. Walker wa Seattle alilalia goti akanasa kisahani kwa gongo lililolazwa barafuni. Kwa watu wa aina hii magazeti ndiyo mashahidi wako.

Magazeti yasomwe kwa utaratibu. Mengi ya enzi hizo yamewekwa kwenye mtandao bure: Seattle Star katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Daily Colonist la Victoria, na La Presse na La Patrie za Montreal kwenye maktaba ya taifa ya Quebec. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anayesoma Kifaransa ana faida kubwa hapa kuliko sisi wengine, maana Pitre na Lalonde waliandikwa sana kwa lugha hiyo. Kwa kila mechi jaza: tarehe, uwanja, hali ya barafu, kipa wa wapinzani, mabao, adhabu, na sentensi moja ya mwandishi kumhusu mtu wako. Barafu isisahaulike, mwezi Machi, kwenye viwanja visivyo na mashine, ilikuwa tope tupu na mchezo wa kasi ulikufa.

Soma gazeti la nyumbani na la ugenini kwa mechi ileile. Mwandishi wa nyumbani humsifu kila mtu. Sifa inayotoka kwa mji uliofungwa ndiyo ya kunakili. Angalia pia majina: ndugu Alf, Harry na Tommy Smith wote walikuwa washambuliaji kutoka Ottawa, na ripoti nyingi zinaandika "Smith" tu. Kuna Cleghorn wawili, kuna Denneny wawili. Bao la kaka likihamia kwa mdogo wake, hesabu yako yote imeharibika.

Hatua ya 8: Mapengo na doa

Kazi nyingi zilikatika kwa vita, majeraha, au homa ya 1919 iliyovunja fainali ya Kombe katikati na kumuua beki Joe Hall. Usimpe mtu mabao ambayo hakufunga, ila usimhukumu pia kana kwamba alishuka kiwango.

Morris alikamatwa na mamlaka za Marekani kabla ya fainali hiyo ya 1919 kwa kosa la kukwepa jeshi, akafungwa Alcatraz, akapoteza msimu uliofuata akiwa hajafikisha miaka 30. Alirudi kwa fainali ya 1920 dhidi ya Ottawa. Kigezo cha tabia kipo kwenye kanuni, na utakutana nacho. Jibu langu: Jumba lina watu waliovunja wenzao mataya uwanjani na hawakutolewa. Klabu yake ilimrudisha mara alipopatikana. Linaloniumiza kichwa zaidi ni urefu wa kilele chake, kwani baada ya kurudi hakuwa tena yule wa 1917. Alipita Calgary, akacheza mechi 6 tu Boston msimu wa 1924-25.

Hatua ya 9: Mlinganishe na nani?

Usimlinganishe na mdhaifu kuliko wote aliyeingia. Ukitumia njia hiyo, kila aliyeingizwa kwa makosa atawavuta kumi wengine. Mpange na washambuliaji watano wa kiwango cha kati walioingia wa kipindi chake. Kwa Morris ningeweka Foyston, Roberts, Mickey MacKay, Tommy Dunderdale na Tommy Smith. Kwa kilele anawafikia au kuwapita, kwa urefu wa kazi yuko chini ya Foyston na MacKay, kwa fainali moja ya Kombe, ile ya 1917, hakuna hata mmoja anayemgusa. Mimi ningempigia kura.

Fanya zoezi hilohilo kwa Eddie Oatman, mwenye Kombe la 1912 na Quebec na miaka mingi ya PCHA. Hakuwahi kuongoza ligi kwa ufungaji, na ukimpanga na watano wake anakuwa wa tano au wa sita. Mchezaji mzuri, kapteni wa kuaminika, lakini nje.

Hatua ya 10: Andika kurasa mbili, si ishirini

Jumba hupokea mapendekezo ya umma kwa maandishi. Weka jedwali la misimu, nafasi yake kwenye ligi kila mwaka, sehemu ya mabao ya timu, mechi za Kombe pamoja na majina ya makipa, na nukuu mbili tatu za magazeti ya ugenini zikiwa na tarehe. Doa litaje mwenyewe kwa sentensi moja, kabla mjumbe hajalitafuta. Acha nje hadithi za nani alimpiga nani na nani alikunywa nini. Tuma mapema, mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa kamati hukutana Juni, na ujue kwamba pendekezo lako halipigiwi kura hadi mjumbe mmoja alichukue kama lake; kila mjumbe ana jina moja tu la kupendekeza katika kila kundi.